Moshi na Sukari

Basi lilikuwa na viti vitupu tele, lakini fundi cherehani alikwenda kuketi karibu na askari wa trafiki, na kabla ya kituo cha pili alishajua kwamba mwenzake amepimwa akakutwa na sukari.

"Pole, dada. Ulikuwa mpenzi wa soda?"

"Soda sinywi, na kwetu hakuna mwenye ugonjwa huu. Daktari aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia nasimama njia panda, mwaka wa kumi na tisa huu. Akasema moshi wa magari nao unaongeza hatari."

Fundi akacheka. "Moshi unaingia mapafuni, sukari iko kwenye damu. Wapi na wapi?"

Swali hilo askari alishaulizwa na mumewe, na pia na mkuu wake, aliyemkatalia ombi la kuhamia ofisini. Alichoka kulijibu. "Hakusema ni moshi peke yake. Alisema na moshi pia."

"Madaktari wakikosa jibu wanasingizia hewa."

Basi likasimama njia panda. Askari akashuka, akavaa kofia yake nyeupe. Fundi naye akashuka, maana cherehani yake ilikuwa papo hapo, kwenye baraza la duka linalotazama barabara, mwaka wa kumi na mbili sasa. Lori likapita, likawafunika wote wawili kwa moshi.

"Dada," fundi akaita, sauti imeshuka. "Hicho kipimo wanapima saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla hujala kitu."

"Aa, mimi leo nimeshakunywa chai," fundi akasema upesi, akaenda kufunua cherehani yake.