Mnyonyoa Kuku, Kama Alivyotaka Iandikwe

Ndugu waombolezaji, kabla ya kuanza, familia inamwomba mjomba mkubwa atuwie radhi. Wasifu wa kwanza aliuandika yeye, kwa mwandiko mzuri sana, na nusura upigwe chapa. Ulisema marehemu alikuwa "mjasiriamali katika sekta ya kuku". Lakini marehemu, wakati bado ana nguvu za kubishana, aliwaita watoto wake wote chumbani kwake akawaambia, "Andikeni mnyonyoa kuku. Mkiandika kitu kingine chochote, nitaamka palepale, na wageni mtawaeleza wenyewe." Kwa jinsi tunavyomfahamu, hatukutaka kumjaribu. Huyu tunayemzika leo, dada yetu, mama yetu na bibi yetu, ambaye nyote mlimwita Mama Manyoya, alikuwa mnyonyoa kuku.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa posta, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji, mtoto wa kwanza kati ya watano. Mama yake alishona sare za shule. Baba yake alikuwa karani wa dirisha la stempu, mtu wa tai hata siku ya Jumamosi, na kola zake zilipigwa wanga mpaka zikasimama zenyewe. Kwa mzee yule dunia ilikuwa na watu wa aina mbili tu, watu wa mezani na watu wa juani, naye aliapa kwamba hakuna mtoto wake atakayekwenda juani. Siku moja alimkuta binti yake, akiwa mdogo kabisa, anamsaidia mfagiaji wa posta kuzoa majani. Alimpokonya ufagio kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Mfagiaji alicheka hadi akakaa chini, na binti naye akacheka, jambo ambalo baba hakulipenda hata kidogo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi 1974. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Walimu walimkumbuka kwa kicheko chake, ambacho kilimtoa nje ya darasa mara nyingi kuliko makosa. Mwaka 1975 baba alimpeleka chuo cha uhazili, na huko, kwa mshangao wa wengi, vidole vyake viligeuka kuwa vya ajabu. Alipiga chapa haraka mpaka wenzake wakadai kwamba mashine yake inatoa moshi. Alihitimu Desemba 1976.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika ofisi ya chama cha ushirika, ghorofa ya pili, meza ya dirishani. Hiyo ilikuwa miaka ya raha ya baba yake. Mzee alipopita chini barabarani aliinua kichwa kutazama lile dirisha, na kama alikuwa na mtu alimwonyesha kwa kidole. Halafu chama kikafilisika. Ijumaa ya tarehe 31 Julai 1987 wafanyakazi waliambiwa waende nyumbani wasubiri kuitwa. Wapo wenzake ambao wanasubiri hadi leo, na wengine tunawaona hapa. Karibuni sana, dada zetu.

Baba aliposikia habari hiyo hakugomba. Alisema tu, "Majirani wasijue." Basi kila asubuhi marehemu aliamka, akavaa nguo za ofisi na viatu vya kisigino, akabeba mkoba na kutoka, kisha akarudi jioni. Hakuwa na pa kwenda. Alizunguka barabara ya soko, akasoma vibao vya maduka, akasimama kwenye kituo cha basi kana kwamba anasubiri basi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini. Baadaye aliwahi kusimulia kwamba hakuna kazi iliyomchosha maishani mwake kama ile ya kujifanya ana kazi.

Siku moja miguu iligoma. Aliketi juu ya kreti iliyopinduliwa kwenye banda la kuku, kando ya bibi mmoja aliyejulikana sokoni kwa jina la Maji Moto, kwa sababu ya sufuria yake na kwa sababu ya ulimi wake. Yule bibi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"We binti, una ofisi hapa?"

"Hapana, bibi. Napumzika kidogo tu."

"Umechoshwa na nini, huo mkoba? Mikono unayo, mie kuku wamenijaa hapa. Nishikie huyu miguu."

Akamshikia. Kisha akaonyeshwa namna ya kumtumbukiza kuku aliyechinjwa kwenye maji ya moto na kumtoa kabla ngozi haijaanza kuchubuka, na namna ya kung'oa manyoya kwa kiganja badala ya kucha. Vile vidole vya uhazili vikapata kazi. Kesho yake alirudi, na kesho kutwa pia. Alitoka nyumbani na mkoba uleule, ila ndani yake sasa mlikuwa na aproni na kandambili. Baba alipomwona amechangamka na anarudi na kuku kila Jumapili, aliwatangazia majirani kwamba binti yake amepata ofisi nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Hapo ndipo linapoingia suala la ndoa. Manyoya ya banda lile yaliziba mtaro wa soko zima, na soko likamwita kijana wa gari la kunyonya maji machafu. Alifika amekunja uso, akauliza kwa sauti kubwa, "Nani mwenye haya manyoya?" Marehemu akainua mkono kama mwanafunzi. Kijana aliuzibua mtaro. Wiki iliyofuata akaja kuangalia kama umeziba tena. Haukuwa umeziba. Akaendelea kuja kuukagua, na wauza kuku wote walijua ni mtaro gani anaoukagua.

Posa ilipofika nyumbani, Jumapili mchana, wote wawili walikuwa hawana raha, kwa kuwa kila mmoja alijua ambacho wazee hawakukijua. Mshenga alikohoa, akasema, "Kijana wetu ni mtu wa afya." Baba akanyoosha tai, akajibu, "Na binti yetu ni mtu wa ofisi." Wachumba wakatazama sakafu. Mambo yangepita salama, isipokuwa shangazi wa kijana, mwanamke mnene mwenye mgahawa, alikuwa hajaacha kumkodolea macho binti.

"Mwanangu, hebu geuka huku. Si wewe unayeninyonyolea kuku pale sokoni?"

Marehemu angeweza kukana. Mchumba wake alitujulisha baadaye kwamba alikuwa anamwombea akane.

"Ndiye mimi, shangazi," akasema. "Na filigisi zako huwa nakuwekea kando."

"Kuku gani?" akauliza baba.

Mama wa marehemu akamnyooshea kijana kidole. "Na huyu mtu wa afya mbona namfahamu? Si ndiye aliyekuja na lile gari siku vyoo vya shule vilipofurika?"

"Ni afya hiyohiyo, mama," akajibu kijana.

Walicheka wote, mshenga akamwaga chai. Asiyecheka alikuwa baba peke yake. Aliinuka, akatoka nje, akasimama pale kwenye bomba la maji na kuwapa mgongo. Hakuna aliyejua kama posa ipo au imekufa. Marehemu akamfuata.

"Tangu lini?" baba akauliza.

"Mwaka wa pili sasa, baba."

"Na huo mkoba?"

"Mna aproni."

Mzee alilikaza bomba lililokuwa likidondoka. "Na hao kuku wa Jumapili?"

"Ndio hao, baba."

"Nimewala," akasema mzee, taratibu sana. Halafu akamwambia arudi ndani, wageni wanasubiri. Alikubali posa, kwa sharti kwamba siku ya harusi mtu asitamke neno kuku mbele ya wageni wake wa posta. Kwa hiyo tarehe 22 Aprili 1989 mshereheshaji aliwakaribisha watu kwenye "nyama nyeupe", na wageni wengi waliondoka wanajiuliza wamekula mnyama gani.

Ndoa ile ilijaliwa watoto wanne na kelele nyingi. Lakini baba yake hakukanyaga sokoni. Akitoka posta alizunguka barabara ya nyuma, njia ndefu na ya matope, ili asilione banda. Hilo lilimuuma marehemu kuliko dharau ya mtu mwingine yeyote. Watu walipomwita Mama Manyoya kwa kejeli, yeye aliitika, "Abee!" kwa furaha mpaka kejeli ikawaishia. Kwa baba hakuwa na la kuitikia.

Mzee alistaafu mwaka 1990. Alipewa saa ya ukutani na makofi. Jumatatu iliyofuata aliamka, akavaa tai, akachukua mkoba wake wa ngozi na kutoka. Siku chache baadaye marehemu, akiwa na kuku mkononi, alimwona baba yake ng'ambo ya barabara anasoma kibao cha duka la viatu. Akamwona tena amesimama kituo cha basi, na basi likaja, likaondoka, mzee bado yupo. Marehemu aliutambua mwendo ule kwa sababu aliwahi kuutembea. Alivuka barabara na aproni yake, manyoya kichwani, akamshika mkono, akamleta bandani na kumpindulia kreti.

"Kaa, baba. Nishikie huyu miguu."

Banda zima lilisimama. Maji Moto mwenyewe aliacha kuchochea moto. Mzee aliitupa tai yake begani, akainyoosha mikono mbali kabisa na shati, akashika.

Hakuwahi kujua kunyonyoa. Alijaribu mara moja, na mwenye kuku akadai fidia. Lakini alipoona jinsi wateja wanavyosukumana, karani ndani yake akaamka. Aliwapanga foleni. Alisimama mbele ya sufuria, kola imesimama, akaita kwa sauti ileile ya dirisha la stempu, "Anayefuata!" Na watu wakafuata. Kwa miaka mingi banda letu lilikuwa na foleni iliyonyooka kuliko ya benki, na wapo walioleta kuku mmoja mmoja ili tu waitwe na mzee. Alipoulizwa anafanya kazi wapi siku hizi, alijibu bila kupepesa, "Kwa binti yangu." Marehemu alisema siku aliyomsikia akisema hivyo mara ya kwanza, machozi yalimtoka akasingizia mvuke. Mzee alifariki mwaka 2008, na tai yake ya mwisho mpaka leo ina manyoya mawili ambayo hatujayatoa.

Mama Manyoya alianza kuugua moyo mwishoni mwa mwaka 2022. Miguu ilivimba, akaacha kwenda bandani, akawa anapiga simu kugomba. Kilichomsumbua hakikuwa ugonjwa, kilikuwa kitinda mimba wake. Kijana huyu ana shahada ya mipango miji, na baada ya kuhitimu alikaa chumbani na pazia limefungwa, anasubiri kuitwa. Mama hakumkemea. Alimkalisha kando ya kitanda, akamwambia, "Mwanangu, mimi nilitembea na viatu vya kisigino nikizunguka soko sina safari. Nakujua unakopita. Ukichoka, kaa kwenye kreti yoyote."

Alichoka, akakaa kwenye ya waosha magari. Siku za kwanza alivuta kofia mpaka puani asionwe na aliosoma nao. Mama alipopata habari alimlazimisha mumewe ampeleke kwa gari, mgonjwa vile, gari likapakwa sabuni yeye yumo ndani. Kisha akateremsha kioo, povu likamwingia, akawapigia kelele wapita njia, "Huyu ni mwanangu! Wa mwisho! Mwoneni alivyolishika gari!" Kofia haikuvutwa tena, maana haikuwa na la kuficha.

Alifariki hospitalini Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe amemshika mkono. Muda mfupi kabla ya hapo, muuguzi wa zamu alipoita wagonjwa mlangoni, "Anayefuata!", marehemu alitabasamu na kusema, "Mzee huyo." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Kwa sababu hiyo familia inaomba mtu yeyote asilitamke neno hilo makaburini leo.

Ameacha mume, mtu wa afya mstaafu. Ameacha wadogo wanne, watoto wanne ambao ni mwalimu, fundi umeme, muuguzi na mwosha magari, wajukuu sita, na wanawake wa banda la kuku, ambao wamefunga banda leo kwa mara ya kwanza na wamekuja na aproni zao, kama mnavyowaona.

Na lile gari lililomleta hapa, ambalo tangu asubuhi mnanong'ona jinsi linavyong'aa, limeoshwa na kitinda mimba wake. Aliomba aachiwe mwenyewe, akaosha hadi chini ya magurudumu, bila kofia. Ametuomba tulisome hili kwa sauti.

Pumzika sasa, Mama Manyoya. Mikono yako tumeipokea.