Nguruwe wa Mjomba Yuko Bandarini

Benchi letu liko nyuma ya ofisi, hapa Suva, mji wetu wa visiwani, kati ya ngazi na pipa la taka, na Ijumaa ikigonga saa tisa hatukai mezani tena, hata bosi aje na fimbo. Bakuli la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, linawekwa chini, mimi nagawa, maana ukimwachia Toleo anajipimia mara mbili. Toleo ni Viliame, jina kalipata kwa kuuliza "toleo gani hilo?" hata akiletewa mkate. Mama Ikoni ni Sereana, mchoraji wa vile vipicha mnavyobofya. Na Kesho ni Avinesh wa Labasa, ambaye kazi zake zote humalizika kesho. Ijumaa hiyo kazi yake ilikuwa imemalizika leo, na alikuwa hashikiki. Programu yake ya tiketi za meli ilikuwa inawekwa kwenye kompyuta ya bandarini saa ile ile. Wakiikataa, mkataba umekwenda, na Kesho anarudi kwao kukata miwa ya baba yake. Bosi alishamwambia hivyo mbele yetu sote.

KESHO: Leo mniheshimu. Kuanzia sasa nikiipika programu, namba ya toleo inapanda yenyewe. Sigusi kitu.

Kupika, kwetu, ni kugeuza yale tuliyoandika yawe programu inayojiendesha. Jina lake, namba yake na picha yake vinatiwa humo humo jikoni. Ni kama chumvi, ukishaipua huichomoi.

TOLEO: Inapanda kwenda wapi?

KESHO: Juu, bwana. Umeona wapi kitu kinapanda chini?

MAMA IKONI: Na picha yangu ya meli umeitia?

KESHO: Nimeitia, dada. Inang'aa.

TOLEO: Mgema akisifiwa, kava huitia maji.

MIMI: Kava nimechanganya mimi. Unasemaje?

TOLEO: Nasema tu, mtani wangu. Gawa.

Nikampa kifuu chake. Akapiga kofi moja kama desturi yetu, akanywa yote, tukaanza kumpigia makofi matatu. Kabla la tatu halijalia, simu ya Kesho ikaita. Akasikiliza, akasema "nani?" mara mbili, simu ikakatika.

KESHO: Ni karani wa bandarini. Kompyuta imemuuliza, "Unamruhusu Nguruwe wa Mjomba atumie mtandao?"

Tukacheka hadi Mama Ikoni akamwaga kava.

KESHO: Msicheke, jamani. Miwa ile naijua mimi, inakata mikono.

MAMA IKONI: Hicho ni kirusi. Kimetoka kwenye meli za jodari. Mabaharia wanakaa baharini miezi, watafanya nini tena?

TOLEO: Kirusi gani kinabisha hodi? Hao ni washindani wetu, wamehonga mtu.

MAMA IKONI: Au kompyuta yenyewe. Siku hizi zinafikiri. Imechoka kuitwa Tiketi, ikajibatiza.

MIMI: Ijibatize nguruwe?

MAMA IKONI: Wewe ungepewa nafasi ungejiita nani?

TOLEO: Subirini. Mjomba wangu Semi alikuwa na nguruwe, tukamchinja kwenye arusi yangu. Yule hakufa vizuri. Ndiye huyo karudi. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

MIMI: Hiyo methali inahusu nini hapa?

TOLEO: Inahusu malezi. Nguruwe yule alidekezwa.

Hapo Kesho akaweka kifuu chini polepole.

KESHO: Toleo. Ile programu uliyomwandikia mjomba wako ahesabie nguruwe. Iliitwaje?

TOLEO: Si iliitwa... aisee.

KESHO: Juzi nilinakili lile faili lako la vitambulisho, lenye jina na namba na picha. Nikabadilisha picha.

MAMA IKONI: Na jina?

KESHO: Jina nilisema kesho.

Pembeni mwa ngazi akatokea mwanamke mwenye sare ya bandarini, anahema. Akasema yeye ni Unaisi, ndiye aliyepiga, simu imeisha chaji. Nikampa kifuu, akanywa, ndipo akakaa.

KESHO: Umemkataa?

UNAISI: Nani, nguruwe? Nimemruhusu. Kwetu tunafuga, hawajawahi kunitisha.

Kesho akajifuta uso kwa shati lake.

UNAISI: Ila mkuu wangu kachanganya kompyuta. Ziko mbili, pacha. Moja ina programu yenu ya zamani, ile iliyouza kitanda kimoja kwa wachungaji wawili. Nyingine ina hii mpya. Nimetazama namba ya toleo, zote zinasema moja nukta sifuri. Abiria wamejaa dirishani. Niuzie tiketi kwa ipi?

KESHO: Haiwezekani. Namba inapanda yenyewe.

TOLEO: Ilikuwa inapanda, kaka. Umelibandika faili langu juu yake, na namba ya langu haipandi.

UNAISI: Kwa hiyo hamjui. Nimwambie mkuu hamjui?

Roho iliniuma. Kesho alikuwa anatazama viganja vyake.

MAMA IKONI: Dada, pale ulipotazama namba, si pana jina pia? Linasemaje?

UNAISI: Moja inasema Tiketi za Meli. Nyingine ndiyo nguruwe.

KESHO: Nguruwe! Fungua nguruwe. Nguruwe ndiye mpya!

Tukaruka wote. Toleo akamkumbatia Kesho, Mama Ikoni akapiga makofi hayana hesabu, nami nikamjazia Unaisi kifuu cha pili, akakinywa amesimama. Sijawahi kufurahia nguruwe namna ile, na arusini nilikula. Unaisi akakimbilia njia ya bandarini, kisha akageuka.

UNAISI: Na mkituletea nyingine wiki ijayo, ikawa nayo inasema moja nukta sifuri, nguruwe wa mjomba? Tutamjuaje yupi ni yupi?

Nikachovya kifuu kwenye bakuli, kikakwaruza chini. Kava ilikuwa imekwisha. Tulipogeuka kumtazama Kesho, nafasi yake benchini ilikuwa tupu, na juu kwenye dirisha la ofisi taa ya meza yake ilikuwa imewaka.