Vidosava Jevtović na Kiti Ambacho Hakukifunga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushona na kufunga viti vya nyuma katika karakana yetu ya magari ya kale hapa Užice, Vidosava Jevtović anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Bosi wetu, Ljubinko Šaponjić, aliniomba mimi, Slavko fundi bodi, niandike maneno machache ya programu ya sherehe. "Andika kitu kitamu, Slavko, watu wacheke," aliniambia, na hakutaka kukisoma kabla hakijachapwa. Basi naanza na ya kuchekesha, maana yapo. Mengine yatafuata.

Vida, ndivyo tunavyomwita, alikuja kwetu baada ya kiwanda cha viatu alikofanya kazi kufungwa. Alijua ngozi, alijua uzi, na alijua kugomba. Magari hakuyapenda, alisema yananuka kama mashati ya mume wake, dereva wa lori. Lakini hakumaliza mwezi kabla hajagundua jambo lililomkera mpaka leo. Wenye magari ya kale hung'arisha injini, hupiga picha usukani, hubishana juu ya rangi ya taa, halafu kiti cha nyuma hukitupia ndani jioni ya mwisho kama gunia la viazi.

Kwa Vida hilo lilikuwa tusi. Kwanza sakafu ikauke kabisa. Kisha egemeo, likamate ndoano zake juu. Ndipo kikalio kiingie, kisukumwe nyuma na chini mpaka kishike ukingo wake, halafu yeye akivute kwa mikono miwili huku mguu ameukaza mlangoni. Kikicheza hata kidogo, kinatoka chote na kazi inaanza upya. Na baada ya hapo huketi nyuma yeye mwenyewe, anashushwa mlimani mpaka darajani, dereva akanyage breki kwa nguvu.

Daktari mmoja wa meno aliwahi kufunga kiti nyumbani kwake ili kuokoa muda. Vida akapanda na mtungi wa pilipili za kusaga alizotoka kununua. Kwenye breki, kiti, Vida na mtungi vyote vikahamia mbele. Alishuka akiwa mwekundu kuanzia kifuani hadi viatuni, na daktari akadhani ameua mtu. "Usilie, mwanangu," Vida akamwambia, naye daktari alikuwa amemzidi umri. "Hii ni pilipili. Angekuwa mama yako, ingekuwa damu." Tangu siku ile daktari humletea jino la dhahabu la chokoleti kila Krismasi.

Hapo ndipo kicheko changu kinapoishia, na yeyote aliyetaka kicheko tu afunge karatasi hii.

Mwezi Mei mwaka huu ililetwa Buba nyeupe ya harusi, gari lile la mgongo wa mviringo ambalo kila mtu hapa amelipanda utotoni. Betri ya Buba hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Mwenye gari, kijana anayeitwa Nenad, alikuwa amenunua betri ndefu kupita kiasi, na mfuniko wake haukuweza kukaa. Bila mfuniko, springi za kiti zinaning'inia juu ya vichwa vya betri. Akiketi mtu mzito, chuma kinagusa chuma, betri inapiga shoti, na makumbi yaliyojazwa kitini yanashika moto. Vida alisema gari halitoki mpaka betri fupi ifike Jumatatu. Harusi yake ilikuwa Jumamosi.

"Vida, nani atainua kiti kuangalia?" bosi akamuuliza mbele yetu.

"Makalio ya msimamizi wa harusi yataangalia, Ljubinko."

Tulicheka sana. Yeye hakucheka. Alikibeba kiti na ule mfuniko mpaka mezani kwake akaenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi nilikuja kumalizia madigadi. Nikaona miguu ya bosi imetokeza mlangoni mwa Buba; alikuwa anakikandamiza kiti kwa goti. Mfuniko ulikuwa bado mezani kwa Vida. Nikamwambia. "Slavko, una kazi yako," akanijibu, "kaifanye." Gari likaondoka na maua yake.

Njiani kupanda mlima Zlatibor, msimamizi, bwana Miloje, mtu wa mwili wake, aliketi kulia, bibi harusi Tijana kando yake. Kwenye shimo la kwanza moshi ukatoka. Wapiga tarumbeta waliokuwa gari la nyuma ndio waliowavuta nje, wakakitupa kiti barabarani na kukizima kwa bia. Tijana aliunguzwa mguu, na alama anayo.

Jumatatu Nenad alifika na kiti kilichoungua. Bosi hakupepesa macho. "Viti vya nyuma ni kazi ya Vida. Muulize yeye." Vida alisema ukweli. Nami nikausema. Bosi akadai namkingia rafiki, na Nenad, alipoona kiti kimeshonwa kwa uzi mwekundu wa Vida, akaamini aliyevaa koti zuri. Wiki hiyo hiyo muuza jibini alimpigia kelele sokoni: "Vida, leo unamchoma nani?" Watu wakacheka. Vida, aliyekuwa hanyamazishwi na mtu mji huu mzima, akarudi nyumbani kimya. Tangu hapo dada yake ndiye anayekwenda sokoni.

Septemba akaomba kustaafu, miaka miwili kabla ya wakati wake. Tangazo ubaoni linasema "sababu za kifamilia". Ni uongo, na ni aibu kwamba tulilipita kila asubuhi likiwa limebandikwa pale.

Vida, asante kwa kila mtoto na kila bibi aliyeketi nyuma akafika salama bila kujua jina lako. Tunakutakia asubuhi za kulala, magoti yasiyouma, na kutembea mjini kichwa juu.

Programu inasema sasa ni hotuba ya mkurugenzi, yaani bosi wetu, dakika kumi. Kumi ni nyingi. Nenad na Tijana tumewaalika sisi, wapo meza ya pili karibu na jiko. Hakuna fundi atakayeinua glasi kabla hawajaambiwa nani alikifunga kiti kile, tena na aliyekifunga mwenyewe. Simama, Ljubinko. Tunakusikiliza.