Bogenvilia ya Mama Mong'ina

Ka! Kemuma bado anaisikia sauti ile: mzizi ulikatika chini ya msumeno, kama goti la mtu mzima anayeinuka. Mumewe, Thadeus Anyona Mose, ambaye tunamsindikiza leo, alikuwa ndani ya shimo. Aliweka msumeno chini, akashika goti lake mwenyewe, akacheka.

Thadeus alizaliwa nyumbani hapa Nyacheki tarehe 12 Aprili 1961, mwana pekee wa mzee Mose na mama Mong'ina. Wiki hiyo hiyo mama yake alichomeka kijiti cha bogenvilia mbele ya nyumba. Hakueleza sababu, ila mtoto aliyekichezea alichapwa.

Alisoma hapa hapa hadi darasa la saba, mwaka 1976, kisha akaenda Tabaka kujifunza kuchonga mawe. Sanamu zake za vifaru na mabakuli zilifika nchi ambazo yeye hakuzikanyaga.

Kanisani aliimba besi. Siku moja mwalimu wa kwaya alimsimamisha nje ya dirisha ili wengine nao wasikike, na bado akawafunika. Alipokwenda kuposa kule Sironga mwaka 1986, salamu zake zilifika kabla ya miguu yake. "Huyo anayepiga kelele ndiye mnayetaka anioe?" Kemuma aliuliza. Akamkubali.

Agosti 2016 nyumba ya zamani ilibomolewa, na kichaka kile kilikuwa kwenye njia ya msingi mpya. Thadeus hakutaka kife. Mnunuzi mmoja wa mawe alikuwa amemwonyesha picha za miti mikongwe inayofugwa ndani ya bakuli, mifupi kama kuku. Basi akakata matawi, akakata mizizi, akang'oa kisiki na kukipanda katika bakuli la jiwe alilolichonga mwenyewe. Mama Mong'ina aliporudi kutoka kliniki alikuta shimo.

"Ulikuta nini chini?"

"Mizizi tu, mama."

"Kondo lako la nyuma nililizika hapo." Akaketi ukingoni mwa shimo. Hakulitaja tena jambo hilo hadi alipofariki mwaka uliofuata.

Kisiki kilichipua. Thadeus alikifunga waya, akayapinda matawi, na kila mvua zilipoanza alikitoa, akapunguza mizizi, akakirudisha. Kila alipopunguza, miguu yake ilikufa ganzi.

"Baba Nyasani, kirudishe ardhini. Unajikata," Kemuma alimwambia.

"Mama Nyasani, miaka arobaini nachonga mawe. Leo nianze kuogopa ua?"

Suruali zake zikaanza kuburuzika chini. Kemuma alikunja pindo, baadaye akakunja tena. Mwaka 2023, hospitalini, muuguzi alimpima urefu, akatazama kadi ya zamani, akamvua viatu, akampima upya. Walichunguza damu, sukari na mifupa, wasipate kitu.

Mti nao ulizidi kupendeza. Wanaoifuga miti hiyo husema jani hupungua, lakini ua huja na ukubwa wake wote. Sauti ya marehemu ilikuwa hivyo. Kitandani alijaza nafasi ndogo kuliko mto na blanketi lake, na besi ile bado ilitikisa vikombe kabatini.

Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, asubuhi. Fundi wa jeneza alimwita Kemuma kando, akamuuliza kwa adabu kama vipimo alivyoletewa ni vya mtoto.

Ameacha mkewe Kemuma, mwanawe Nyasani, bintiye Sheila, na wajukuu. Wengi wenu mmeuomba mti ule. Hautatolewa. Bakuli limeshavunjwa, waya umefunguliwa, na Kemuma mwenyewe ataupanda leo upande wa kichwa cha kaburi, mizizi ikiwa imenyooshwa. Mungu ampumzishe Thadeus, naye anyooke.

Asubuhi ile aliyofariki alimwita mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, Kemuma alilazimika kuinama ili asikie.

"Mama Nyasani," alinong'ona, "nitoe kwenye bakuli."