Bi Masafa Afunga Safari Yake Mwenyewe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne kwenye dawati la maulizo la uwanja wetu wa ndege, mwenzetu tunayemwita Bi Masafa anastaafu rasmi.

Jina hilo amelitafuta mwenyewe. Neno "mbali" halimtoki kinywani. Mwulize kuhusu uwanja wowote, atakutajia kilomita, saa za kuwa angani, saa za kusubiri ndege ya pili, na dakika za foleni ya pasipoti. Hata anayeulizia choo hujibiwa kwa mita. Alipoanza kazi hapakuwa na kompyuta, akawa anapima kwa uzi wa kushonea kwenye tufe la dunia lililokuwa ofisini kwa meneja. Meneja alichoka kugongewa mlango, akamwachia tufe lake.

Aliwahi kukosea, na husimulia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine. Mama mmoja mtu mzima alitua saa nne asubuhi akitoka ng'ambo, akakaa kwenye benchi bila mtu wa kumpokea. Bi Masafa alimpelekea chai mara mbili na kumsema vikali huyo mtoto asiyejali mzazi. Saa mbili usiku kijana akaingia mbio, mkononi ana karatasi ya saa ya kutua kwa ndege, kwa mwandiko wa Bi Masafa. Tofauti ya saa tano kati ya nchi mbili aliijumlisha badala ya kuitoa. Aliwaomba radhi wote wawili, akawasindikiza hadi kwenye gari huku amebeba begi.

Tangu siku hiyo kila hesabu hufanywa na watu wawili, mmoja akianzia kuondoka, mwingine akirudi nyuma kutoka kufika. Tulinung'unika sana. Lakini hakuna tena mzazi aliyekaa kwenye benchi kwa sababu ya kalamu yetu.

Mwezi Machi uongozi ulimwomba abaki miaka miwili kwa mkataba. Tulishangilia, tukidhani mambo yamekwisha. Yeye aliomba wiki moja afikirie. Binti yake wa pekee alihamia ng'ambo miaka kumi na miwili iliyopita, na wajukuu wawili wanamjua bibi yao kwa sauti ya simu tu. Mara ya kwanza alipopata likizo ya kwenda, mama yake mzazi aliugua. Mara ya pili mimi ninayeandika haya nilijifungua kabla ya siku zangu, dawati likabaki tupu, akairudisha tiketi ili anishikie zamu, na likizo yake ikasogezwa mwaka mzima. Hakuwahi kunikumbusha. Naona haya kuliandika hapa, ila lazima lisemwe.

Mkataba aliukataa. Anaondoka Jumamosi, na sisi tumefurahi kuliko tulivyotarajia.

Kutoka hapa hadi kwa binti yake ni kilomita elfu kumi na moja na mia tatu, yaani saa kumi na tisa na dakika arobaini, kusubiri kukiwemo. Yeye imemchukua miaka kumi na miwili, na mmoja kati ya hiyo ni wangu.

Asante, dada yetu. Kawashike wajukuu, ukae nao mpaka wakuzoee. Tunakuombea ustaafu wenye afya na furaha tele.