Nyaya Kichwani mwa Sostenes

Kijiwe cha kahawa pale Ipagala kilikuwa na benchi moja, na benchi lilikuwa na wenyewe: Rahimu fundi redio, aliyeitwa Daktari wa Mawimbi, na Makame muuza mitumba, aliyeitwa Wakili. Jioni moja ya mwaka 2004, katikati yao alikaa mzee Ludovick, seremala, kahawa imempoa mkononi. Mwanawe Sostenes aliondoka miaka kumi na miwili nyuma, biashara ya vito ilipofunguliwa, akamfuata mnunuzi wa Kithai hadi kwao. Huko akabaki kwa watawa wa Kibudha. Sasa imekuja picha yake: kipara, macho kafumba, nyaya kichwa kizima.

— Anachajiwa kama simu huyo, — alisema Rahimu. — Ukikaa unatafakari miaka yote hiyo, betri ya ubongo inakufa.

— Wapi. Wanamnyonya akili wakaiuze. Soko huria hili, — alisema Makame. — Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Nyaya si zinaelea?

Ludovick hakucheka. Siku mbili alikuwa akipiga randa ubao uleule, akijiuliza kwa nini alimruhusu mtoto aende.

— Au wamempachika redio, — Rahimu aliongeza. — Saa hizi anatusikia.

Hapo akapita Paskazia, nesi wa zahanati.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Akaitazama picha.

— Na barua iliyokuja nayo inasemaje?

Wakili akamtazama Daktari. Daktari akauliza, “Kumbe kuna barua?” Ludovick akatoa bahasha mfukoni polepole. Barua yenyewe alikuwa ameogopa kuisoma. Paskazia akasoma:

“Baba, shikamoo. Picha isikutishe, mimi mzima. Nyaya haziingizi kitu, zinapima tu umeme wa ubongo. Wataalamu wanataka kujua kama kutafakari miaka mingi kunaubadilisha. Waliniambia niwaonee huruma viumbe wote, bila kuchagua. Nikaanza na wewe. Mawimbi ya umeme huo yakapanda kuliko ya wanafunzi waliofundishwa wiki moja. Sababu yake bado wanaitafuta.”

Ludovick akashusha pumzi, akafuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao.

— Kama umeme umepanda, — Makame alisema taratibu, — aje basi. Hapa taa zinakatika kila siku.

Ludovick akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo, mpaka benchi likatikisika. Akanyoosha kikombe aongezewe. Birika lilikuwa tupu.

— Haidhuru, — alisema, akasogea kumpisha nesi. — Keti, mwanangu. Wewe una mwandiko mzuri. Tumjibu.