Mgema Bila Kibuyu

Mwaka wa tisini na nane, mafuriko ya El Nino yalipokata barabara ya Garsen, abiria tulishuka basi tukavushwa kwa mashua. Mbele yangu walikaa Changawa, mgema wa Kigiriama, na Hawo, mama wa Kiorma aliyekutana naye hapo hapo. Changawa alikuwa ametoka kwa mshauri wa hospitali. “Amesema huzuni yangu na pombe yangu zitibiwe pamoja. Kila asubuhi nifanye jambo moja nililolipenda zamani, kabla moyo haujakataa. Na nikae mbali na kila kinachonivuta kunywa.”

“Ulipenda nini?” aliuliza Hawo.

“Kupanda mnazi alfajiri. Kule juu unaona mto wote, moshi wa kijiji cha Golbanti, ng'ombe wenu wakienda kunywa maji. Nilikuwa naimba, mama, watu wanaamka kwa sauti yangu.” Huyo mshauri, nilijiambia, hajawahi kutibu mgema.

“Basi panda. Kibuyu wacha nyumbani.”

“Mgema bila kibuyu! Watasema nimerukwa na akili.”

Hawo hakucheka. “Mimi ng'ombe yangu yote ilikwenda na maji. Kila asubuhi nafungua zizi, naita wote kwa majina, kama zamani.”

“Zizi tupu? Sasa anatoka nani?”

“Mimi.”

Mashua ikagusa ukingo. Hawo akashuka. Changawa alibaki ameketi, akiitazama minazi, mpaka nahodha akamuuliza kama anarudi alikotoka.